Watoto wanataka gemu za bure na kompyuta imejaa matangazo: tuanzie wapi?

Ndugu Mshauri,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani ambayo watoto wangu watatu huitumia kwa zamu wanapomaliza kazi za shule. Kifungua mimba ana miaka 14, wa katikati ana miaka 10 na kitinda mimba ana miaka 6. Kompyuta yenyewe si mpya: inatumia Windows 10, ina RAM ya gigabaiti 4, na haina kadi ya michoro ya kujitegemea. Fundi aliyeikagua alituambia inatosha kwa kazi za kawaida.

Likizo iliyopita kijana wangu mkubwa alitafuta mtandaoni mchezo wa mbio za magari ambao rafiki zake wanausifu sana. Mchezo huo huuzwa, lakini alipata tovuti iliyodai kuutoa bure, tena ukiwa kamili. Alipakua faili, akafuata maelekezo yaliyomtaka azime kwanza kinga ya virusi, kisha akalibofya. Mchezo haukufunguka. Tangu siku hiyo kivinjari hufungua kurasa za kamari bila kuombwa, vidirisha vya matangazo huchomoza kwenye kona ya skrini hata kama hatujafungua kitu, na kompyuta huvuma muda wote kana kwamba ina kazi nzito.

Baba yao anataka gemu zipigwe marufuku kabisa. Mimi naona watoto wana haki ya kucheza, ila hatuna uwezo wa kununua mchezo mmoja baada ya mwingine, na intaneti yetu ni ya kifurushi, ambacho huisha mara moja tukipakua kitu kikubwa. Naomba unieleze: ipo michezo ya bure kweli kweli, au kila kinachoitwa cha bure kina mtego ndani yake? Tuitafute wapi, na kompyuta hii itaimudu? Mwisho, tukipata mchezo mzuri, nikimnakilia mdogo wangu kwenye flashi kwa ajili ya wanawe, nitakuwa nimeiba?

Mama wa Watatu

*

Mama wa Watatu,

Salaam, na ahsante kwa kueleza mambo kwa utaratibu, kwani umeniwezesha kukujibu bila kubahatisha. Michezo ya bure kweli kweli ipo, na kompyuta yenu itaimudu mingi. Hata hivyo tusianze na michezo. Kompyuta ikiwa katika hali uliyoieleza, kila nywila mnayoiandika humo inaweza kuwa inasomwa na mtu mwingine, kwa hiyo usafi utangulie.

Maelekezo aliyopewa kijana wako yanatosha kueleza kilichotokea. Wanaosambaza michezo ya kuuzwa kwa njia ya wizi hudai kwamba kinga ya virusi hukosea na kwamba ni lazima izimwe ili mchezo ufanye kazi. Mara nyingi pia faili lao huwa limefungwa kwa nywila, na nywila yenyewe huandikwa wazi pembeni ya kitufe cha kupakua. Haimfichi mtu yeyote kitu. Imewekwa ili kinga ya virusi ishindwe kuchungulia ndani hadi mtumiaji atakapolifungua faili kwa mkono wake mwenyewe. Mwulize kijana faili lilikuwa na ukubwa gani. Mchezo wa kisasa wa mbio za magari huchukua makumi ya gigabaiti, na kama alichokipakua kilikuwa cha megabaiti chache, basi hakukuwa na mchezo wowote humo tangu mwanzo. Kinachokuwamo ni programu ndogo inayokwenda kuwaleta wenzake: zinazoonyesha matangazo, zinazoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, au zinazotumia kichakataji chenu kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu msiyemjua. Mvumo unaousikia huenda unatokana na hiyo ya mwisho.

Fungueni mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, mpange orodha kwa tarehe ya kusakinishwa, na muondoe kila programu iliyoingia siku ile au baada yake ambayo hakuna anayeitambua. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya kivinjari mkague viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, injini ya utafutaji, na orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Orodha hiyo ya arifa husahauliwa na wengi, ingawa mara nyingi ndiyo chanzo cha vidirisha vinavyochomoza kwenye kona ya skrini: mtu hubofya kitufe cha kuruhusu akidhani anathibitisha kwamba yeye si roboti, na tangu hapo tovuti hiyo ina kibali cha kumsumbua. Baada ya hapo iwasheni tena Microsoft Defender, ambayo huja pamoja na Windows bila malipo, na mchague ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao huizima na kuiwasha kompyuta na kuikagua kabla Windows yenyewe haijaanza kazi. Nywila za barua pepe na za huduma za fedha zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, kwa mfano simu. Dalili zikiendelea, hifadhini picha na nyaraka zenu mahali pengine, kisha mwombeni fundi aifute diski na kusakinisha Windows upya, kwa sababu kuisaka programu iliyojificha huchukua muda mrefu kuliko kuanza upya.

Sasa nije kwenye swali lako la msingi. Kanuni ninayoitegemea kuliko nyingine zote ni hii: mchezo uchukuliwe kwa aliyeutengeneza, au kwenye duka ambalo yeye mwenyewe amelichagua, na usichukuliwe kwa dalali. Tovuti nyingi zinazokuja mbele mtu anapotafuta gemu za bure ni za madalali. Hawajatengeneza chochote, wanakusanya mafaili ya wengine, wanayazungushia matangazo yenye vitufe vikubwa vya kupakua visivyohusiana na mchezo, na baadhi yao huchomeka programu zao ndani ya kisakinishi. Hata mchezo halali na salama hugeuka hatari ukipitia mikononi mwao. Kwa hiyo mkishalijua jina la mchezo, tafuteni kwanza ni nani mtengenezaji wake, kisha mwende kwake moja kwa moja.

Halafu mjiulize yeye anapata nini kwa kuutoa bure. Majibu yake hayafanani, na hapo ndipo mtego unapotofautiana na zawadi.

Aina ninayoipendelea kwa nyumba kama yenu ni michezo iliyo programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia na kuisambaza. Hutengenezwa na watu wa kujitolea na huendeshwa kwa michango, kwa hiyo hakuna tangazo la kumlazimisha mtoto kulitazama, wala silaha au nguo ya mhusika ya kununua. Kitinda mimba aanze na GCompris, mkusanyiko wa shughuli zaidi ya 100 unaotolewa na KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Humo kuna kuhesabu, kusoma saa, mafumbo ya picha, chesi, na hata mazoezi ya kutumia kipanya kwa mtoto ambaye mkono wake bado haujazoea. Zoezi mojawapo humtaka asogeze kipanya juu ya picha iliyofunikwa hadi vipande vyote viondoke, bila kubofya chochote. Linaonekana la kijinga kwa mtu mzima, lakini mtoto wa miaka 6 hulirudia mwenyewe.

Kwa aliyekuwa akitafuta mbio za magari kuna SuperTuxKart. Ni mbio za vigari vya katuni, na wachezaji kadhaa wanaweza kushindana kwenye kompyuta moja, skrini ikigawanywa vipande, hata wawili wakitumia kibodi moja mmoja kulia na mwingine kushoto. Sitakudanganya: haufanani kwa sura na mchezo wa kuuzwa aliokuwa akiutaka, na kijana wa miaka 14 huenda akakunja uso anapouona mara ya kwanza. Mpeni mshindani tu. Ukisuasua, punguzeni kiwango cha michoro kwenye mipangilio yake, kwa kuwa ndicho kinacholemea zaidi kompyuta isiyo na kadi ya michoro.

Huyo kijana pia ana umri wa kufurahia michezo ya mikakati. The Battle for Wesnoth, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2003, ni vita vya zamu kwa zamu kwenye ramani ya vyumba vya pembe sita: unafikiri, unasogeza askari wako, ndipo adui anajibu. Kwa kuwa hakuna haraka, kompyuta ya kawaida inautosha, na hadithi zake ni nyingi kiasi cha kumaliza likizo. OpenTTD, wa kujenga reli na barabara na kuendesha kampuni ya usafirishaji, una faili dogo lisilofika megabaiti 100, jambo ambalo kifurushi chenu kitalishukuru. Mchezo wa 0 A.D. unahusu falme za kale, wakiwemo Wakushi na Wakarthago, na umetengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini kwa gigabaiti 4 za RAM majeshi yakiwa makubwa mtaona picha zikikwama. Kwa mtoto wa miaka 10 anayependa kujenga ulimwengu kwa matofali ya mraba, tazameni Luanti, ambao hadi mwaka 2024 uliitwa Minetest. Huu ni jukwaa zaidi kuliko mchezo mmoja: ukishausakinisha, ndani yake unachagua michezo iliyotengenezwa na wengine, nayo hutofautiana sana kwa ubora.

Kuna pia michezo iliyowahi kuuzwa, kisha wenyewe wakaamua kuiachilia. Beneath a Steel Sky ulitoka mwaka 1994 na wamiliki wake wakautoa bure mwaka 2003. Leo unapatikana bila malipo kwenye duka la GOG na kwenye tovuti ya ScummVM, programu inayoiwezesha michezo ya hadithi ya zamani kufanya kazi kwenye kompyuta za sasa. Usichanganye na michezo ya zamani ambayo madalali huiweka mtandaoni kwa hoja kwamba haiuzwi tena. Mchezo kutouzwa hakuondoi hakimiliki yake.

Aina inayojulikana zaidi, na inayohitaji macho zaidi, ni ile ambayo kuingia ni bure lakini ndani yake kuna duka. Team Fortress 2 uliuzwa tangu mwaka 2007, ukafanywa wa bure Juni 2011, na mapato yake yakahamia kwenye vitu kama kofia za wahusika. Hapo hakuna udanganyifu: mchezo ni halali, na mtu anaweza kuucheza bila kulipa, ingawa umekusudiwa watu wazima na si watoto wako. Tatizo liko kwenye namna michezo mingi ya aina hii inavyosanifiwa ili mchezaji asiyelipa achoke kusubiri au aone aibu mbele ya wenzake. Masanduku ya bahati nasibu, ambayo mtoto hulipia bila kujua atapata nini, yalifanya mamlaka ya kamari ya Ubelgiji kuamua mwaka 2018 kwamba katika baadhi ya michezo yanavunja sheria ya kamari. Ushauri wangu ni kwamba akaunti ya mchezo wa namna hiyo isiunganishwe na kadi ya benki wala na malipo ya simu, hata kwa siku moja. Michezo hii pia mara nyingi huhitaji kuwa mtandaoni muda wote na kupakua masasisho makubwa, kwa hiyo kwenu haifai kwa sababu mbili.

Maduka makubwa nayo hutoa bure. Epic Games Store hutoa mchezo mmoja au zaidi kila wiki, na ukiuchukua ndani ya muda uliowekwa unabaki kwenye akaunti yako. Steam ina sehemu ya michezo ya bure na matoleo ya majaribio, lakini someni vizuri kabla ya kubofya, kwa sababu mwaliko wa kucheza bure mwisho wa wiki huisha muda wake uliowekwa unapopita, na toleo la majaribio ni kipande tu cha mchezo. Akaunti ya Steam inahitaji umri wa miaka 13, kwa hiyo ni ya kijana mkubwa peke yake. Kwenye itch.io, ambako watengenezaji wadogo hupakia kazi zao wenyewe, utakuta michezo mingi ambayo bei yake ni hiari yako. Siwapendekezei kuanza huko, kwani yeyote anaweza kupakia kitu na ubora haujachujwa. Mtakapokuwa wazoefu mtapafurahia. Yote haya mtayapima kwa kifurushi chenu, na ndiyo sababu nimeanza na michezo ambayo ukishaipakua mara moja inachezwa bila mtandao.

Kama hamtaki kusakinisha chochote, Lichess ni chesi kwenye kivinjari, inaendeshwa kwa michango, haina matangazo, na ina mafumbo ya kila siku. Jihadharini tu na tovuti za zamani zinazodai kwamba ni lazima usakinishe au usasishe Flash, programu ya zamani iliyoendesha michezo ndani ya kivinjari, ndipo mchezo ufunguke. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo leo hakuna sasisho lake la kweli.

Kuhusu kompyuta yenyewe, kabla ya kupakua mchezo linganisheni mahitaji yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji na mlicho nacho, na mhakikishe kama Windows yenu ni ya biti 32 au 64, kwa sababu michezo mingi ya sasa haifanyi kazi kwenye biti 32. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa kompyuta haikubali Windows 11, na fundi wenu anaifahamu Linux, mfumo huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, fikirieni kumwomba aisakinishe wakati huo huo anapofuta diski. Karibu michezo yote huria niliyoitaja hupatikana kwenye hazina ya programu ya Linux, ambako dalali hana nafasi ya kuingia.

Mkibaki na Windows, badilisheni mambo mawili siku hiyo hiyo. Kwanza, watoto wapewe akaunti ya mtumiaji wa kawaida, na ile yenye mamlaka ya msimamizi ibaki na nywila yako wewe au baba yao. Mtoto akitaka kusakinisha kitu kinachogusa mfumo mzima, Windows itadai nywila hiyo, nawe utapata nafasi ya kuuliza kimetoka wapi. Pili, fungueni dirisha la mafaili, upande wa mwonekano, mruhusu viambishi vya majina ya mafaili vionekane. Kwa kawaida Windows huvificha, na faili linaloitwa picha.jpg.exe huonekana kuwa picha.jpg, wakati ni programu inayosubiri kubofywa.

Baba yao simlaumu. Lakini kijana wa miaka 14 aliyepigwa marufuku nyumbani atapakua faili lile lile kwenye kompyuta ya mwenzake. Ningependa yeye ndiye apewe kazi ya kutafuta jina la mtengenezaji kila mchezo mpya unapotajwa, akuonyeshe ukurasa wenyewe, ndipo uandike nywila ya kusakinisha.

Na kumnakilia mdogo wako kunategemea leseni. Michezo huria, yaani GCompris, SuperTuxKart, Wesnoth, OpenTTD, 0 A.D. na Luanti, unaruhusiwa kuinakili na kumpa yeyote bila kumwomba mtu ruhusa. Mnakilie faili la kusakinisha kama lilivyotoka kwa mtengenezaji, wala si folda ya mchezo uliokwisha kusakinishwa, na kwa kuwa kompyuta yenu imeugua, fanya hivyo baada ya usafi kukamilika na faili kupakuliwa upya, ili flashi isiubebe ugonjwa. Michezo ya Epic na Steam hufungamana na akaunti ya aliyeichukua, kwa hiyo mdogo wako afungue akaunti yake na aichukue mwenyewe. Beneath a Steel Sky inagawiwa bure kwa masharti yaliyoandikwa ndani ya faili lake, ambayo ni mafupi, yasome kwanza.